Mkanda wa Taimingi: Mwongozo kwa Asiyependa Usumbufu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye gari la umri, hasa Subaru Forester ya kati ya 2002 na 2007, ambaye ameshasikia mara mbili tatu kwamba ndani ya injini yake kuna mkanda wa mpira unaotakiwa kubadilishwa, na angependa jambo hilo limpitie mbali. Fuata maelekezo kama yalivyo. Ukiyafuata yote utafika mapema kuliko ulivyotarajia, ukiwa umekaa mbele pamoja na dereva wa bredauni.

Kwanza, usijue kama injini yako ina mkanda au cheni. Magari kama Vitz, IST na Premio za miaka ya 2000, yaliyojaa barabarani kwetu, yana cheni, na cheni haina tarehe ya kubadilishwa. Forester za kawaida, zisizo na turbo, ziliendelea na mkanda hadi injini ya EJ20 ilipoipisha FB20 mwaka 2010. Kujua uko upande gani ni suala la kusoma namba ya injini kwenye kibati chini ya boneti. Usiisome. Ukishaijua, hutakuwa na cha kujitetea.

Badala yake, uliza kwa ndugu. Hakuna ukoo usio na mjomba ambaye mkanda wa Corolla 110 ulimkatikia Chalinze. Gari lilizima lenyewe, akasukuma hadi kivulini, mkanda mwingine ukaletwa kwa basi, fundi akaufunga palepale, na usiku huo mjomba akala ugali Dodoma. Kisa hicho ni cha kweli na mjomba hana sababu ya kukudanganya. Kitu ambacho hakusimulii, maana hakijui, ni kwamba injini za 4A-FE na 5A-FE zimechongwa kwa namna ambayo valvu hata ikifunguka yote haifikii pistoni iliyopanda juu. Mkanda ukikatika, ni mkanda tu umekatika. EJ20 haikuchongwa hivyo. Kwa hiyo kila safari mjomba anapokisimulia kisa chake msibani, kuna mwenye Subaru pembeni anayetikisa kichwa kwa faraja.

Ukitaka kujua kinachotokea ndani, ni hiki. Mkanda unaunganisha krenki ya pistoni na kemshafti za valvu: krenki inazunguka mara mbili, kemshafti mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 25 kwa sekunde, ikiingia nafasi ileile ambayo pistoni itaitaka muda mfupi baadaye. Valvu na pistoni ni wapangaji wawili wenye bafu moja, na mkanda ndio zamu yao. Siku zamu ikivunjika, kemshafti zinasimama hapohapo zilipo, baadhi ya valvu zikiwa wazi, wakati gari bado lina mwendo na pistoni zinapanda kama kawaida. Valvu zinapinda. EJ20 ina valvu 16 na silinda hedi mbili, moja kila upande, maana injini yenyewe imelala, na mafundi wengi huona ni nafuu kuishusha nzima kuliko kuchokoa hedi ikiwa ndani. Basi bili yako inaanzia kwenye mbili: hedi mbili, gasketi mbili, na vikao viwili na fundi, cha kwanza cha kukadiria na cha pili cha kukueleza kwa nini makadirio yamebadilika.

Mkanda wa namna hii uliingia kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi mwaka 1962, Ujerumani, kwenye Glas 1004. Waliupenda kwa sababu ni mwepesi, ni rahisi kuutengeneza, hautaki oili na haupigi kelele. Mimi naona hilo la mwisho ndilo lililotuponza. Breki zikiisha zinalia. Beringi ya tairi ikichoka inavuma hadi abiria wa nyuma anauliza. Betri ikikaribia kufa inakusumbua asubuhi tatu nne kwanza. Mwenye gari wa kwetu amefunzwa na vyote hivyo kusubiri malalamiko ndipo atoe hela, na mfumo huo umemtumikia vizuri. Mkanda haulalamiki. Asubuhi ya siku utakayokatika, gari litawaka kwa ufunguo mmoja, injini itatulia, na utamwambia jirani kwamba Subaru ni gari.

Kama una Land Cruiser au Hilux ya dizeli ya zamani, Toyota walikufikiria: waliweka kwenye dashibodi taa iliyoandikwa T-BELT. Taa hiyo haiuoni mkanda, inahesabu kilomita tu, na kwa mengi ya magari hayo inawaka kila 100,000 zikitimia. Dawa yake ni kuchomoa balbu. Ukiona dashibodi ya gari la mtumba haina taa hiyo kabisa, ujue mwenzako alishakutangulia kwenye mwongozo huu.

Usipime kwa kilomita, maana kilomita za gari la mtumba zinategemea mtu wa mwisho aliyezigusa. Wala usipime kwa miaka. Mkanda unazeeka hata gari likiwa limepaki, na kukubali hivyo ni kukubali kwamba gari la marehemu baba lililokaa uani nalo linadai. Pima kwa jicho. Fundi atafungua kifuniko cha pembeni, ataubinya mkanda kwa ukucha, atasema, "Bosi, huu bado mzima kabisa, nisikulie hela yako." Anasema kwa nia njema. Nyuzi zinazobeba kazi ziko ndani ya mpira, na ukucha haufiki huko.

Kama umelazimika kununua, nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani ununue mkanda peke yake. Utaambiwa zipo seti zenye mkanda, tenshona, puli na pampu ya maji. Huo ni mtego wa wenye hela. Ni kweli kwamba kwenye Forester pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, na kwamba beringi ya puli ikikwama baadaye itaung'oa meno mkanda wako mpya. Ni kweli pia kwamba kuifikia pampu kunahitaji kufungua kila kitu unachokifungua leo. Lakini ukibadilisha vyote leo, fundi atapata wapi sababu ya kukuona tena? Oili sili za krenki na kemshafti ziache zivuje. Oili kwenye mpira inaulainisha, na kitu laini kinasikika kama kitu kizuri. Mkanda wenyewe chagua kwa uzuri wa boksi, ukikumbuka kwamba wachapishaji wa maboksi mjini hapa ni hodari kuliko watengenezaji wa mikanda.

Sasa kufunga. Bolti ya puli ya krenki imekazwa sana, na mtaalamu hana haja ya kifaa cha kuishikilia puli. Anatia spana ndefu, anaiegemeza kwenye chesisi, anamwambia kijana apige stata. Bolti inaachia. Wakati mwingine ni spana inayoachia, kwa hiyo simama upande wa kijana.

Ukishautoa mkanda wa zamani, tafuta alama. Hapa Subaru wametusaidia mno sisi tusiopenda kusoma. Kwenye gia ya krenki upo mshale mkubwa, mzuri, unaoonekana hata bila tochi. Pangilia mshale. Alama inayohusika na mkanda ni kistari kidogo kilichojificha nyuma ya gia, na kinatakiwa kilingane na alama iliyo juu yake kwenye pampu ya oili. Kistari kikikaa hapo, pistoni zote nne zinakuwa katikati ya silinda, mahali ambapo valvu haziwezi kuzifikia. Waliokiweka kistari hapo walijua kwamba kwenye injini zenye kemshafti nne, zile mbili za kushoto husukumwa na springi za valvu na hupenda kuruka mkono ukizitoka. Mshale unakuonyesha pistoni ikiwa juu kabisa. Ukiufuata, umeweka mkanda vizuri sana, kwa injini ambayo si hii.

Tenshona ya mafuta inabanwa kwenye jiliwa, ikiwa wima, polepole kwa dakika kadhaa, hadi utie pini kwenye tundu lake. Dakika kadhaa ni nyingi. Nyundo inamaliza kwa pigo moja, na sauti ya kugongagonga utakayoisikia kila asubuhi baada ya hapo utaizoea.

Bado hatua moja ya kuruka: kuizungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, kisha kutazama kama alama za gia zimerudi mahali pake. Spana ikigoma katikati, ile ni valvu inayokugongea mlango kwa adabu, na anayezungusha kwa mkono anaweza kusimama hapo bila hasara. Stata haina adabu hiyo. Piga stata. Na ukikutana na fundi anayezungusha kwa mkono, mvuruge: muonyeshe kwamba mistari iliyochapwa juu ya mkanda hailingani tena na kitu chochote. Ni kawaida, mistari hiyo inachukua mizunguko mingi kukutana tena na alama za gia, lakini fundi asiyelijua hilo atafungua upya na kuanza kutafuta jino ambalo halijapotea.

Kama umesoma hadi hapa na roho bado nzito, njia ipo: uza. Piga picha jioni, gari likiwa limetoka kuoshwa. Andika kwamba halidaiwi, AC inapiga barafu, tairi mpya, ni kutia ufunguo na kuondoka. Watakuja. Watapiga teke tairi, watakagua rangi chini ya milango, watauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Akitokea mmoja akauliza mkanda ulibadilishwa lini, mwambie samahani kaka, gari limeshalipiwa.