Wageni wa Miaka 99

Basi la Mombasa lilipomwaga abiria Mokowe, ilishuka familia moja ya Ulaya: baba, mama, watoto wawili na futi ya kupimia. Wamekuja kuikagua nyumba ya Lamu kabla ya kuhamia. Baba akamuuliza nahodha wa boti, wakishahamia, gari wataliegesha wapi.

“Papa hapa gatini, bwana. Ng'ambo kule vichochoro ni vya punda.”

Mama akaandika kidaftarini: punda. Akapigia mstari, mara mbili.

Siwalaumu, mwenye akili huonja mchuzi kabla ya kununua chungu. Ila sisi tukitaka kwenda kwao, kutazama tu, hudaiwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba tutarudi. Hawa gatini hakuna aliyewauliza watarudi lini. Waliulizwa kama wana mizigo.

Kwa Katiba ya 2010, mgeni hamiliki ardhi Kenya. Hukodishiwa, mwisho miaka 99. Nahodha, ambaye shamba la babu yake halijapata hati mpaka leo, aliwavusha kwa nauli ya mtalii.