Harusi ya Hema

Juma lililopita, mbele ya wazee wa pande zote mbili waliokuwa wameketi kungoja chai, baba yake bibi harusi alizitandaza picha zangu mezani, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniuliza kwa upole uliokuwa mkali kuliko tusi: "Mwalimu, kwani ni tenti iliolewa?" Sikuwa na jawabu, kwa kuwa ushahidi ulikuwa bayana: bibi harusi, bwana wake na mashangazi wote wa Njoro waliovaa sare walikuwa ukungu mtupu, ilhali nyuma yao, nyuzi zake zikihesabika, pazia la hema lilitangaza nambari ya simu ya mwenye kulikodisha. Nasikia amekwisha pata wateja.

Ningalimweleza sababu, lakini mtu aliyelipia ng'ombe na keki ya ghorofa hana masikio ya elimu ya pembetatu. Basi namweleza msomaji, ambaye hanidai kitu.

Kamera yangu ni Zorki-4, ya kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, kilichoziunda za namna hiyo tangu 1956 hadi 1973, na nasaba yake inarudi kwenye Leica ya Wajerumani, ambayo Wasovieti waliiiga bila ya kuomba ruhusa. Kamera hii haimwonyeshi kamwe mwenye kuitumia kile kinachoonwa na lenzi. Humpa dirisha la kando, na katika dirisha hilo dunia nzima i dhahiri daima, ya karibu na ya mbali. Usoni ina macho mawili yaliyoachana kwa masafa yasiyotimia sentimita 4. Nuru ya jicho moja hukujia moja kwa moja. Ya jicho la pili hupindishwa ndani kwa ndani, ikatua juu ya kioo kilichopakwa madini membamba kiasi cha kurudisha nuru nusu na kupitisha nusu, hata ukaona katikati ya dirisha taswira ya pili, hafifu, iliyosogea kando ya mwenzake. Uzungushapo lenzi, kitako chake husukuma wenzo wa chuma, wenzo nao ukaipindua ile njia ya nuru, na taswira ya pili ikatambaa polepole hadi ikalala juu ya ya kwanza. Hapo pembetatu imetimia na masafa yamejulikana, wala hukuhitaji kamba ya kupimia wala kuinuka kitini. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11 na kubainisha kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni, si jicho litoalo nuru, lau angaliishika kamera hii angalisahau chakula cha usiku, kama ninavyokisahau mimi. Maana kutoka mita 3 hadi mita 4, pembe ile hubadilika kwa chini ya sehemu ya tano ya digrii moja, na juu ya unywele huo ndipo unapotundikwa uso wa bibi harusi.

Mashahidi, basi, ni wawili, dirisha na lenzi, na kinachowapatanisha ni wenzo mmoja na parafujo chache. Siku ile dirisha lilinithibitishia kwamba taswira zimelala pamoja bila ya ikhtilafu. Na wakati huo huo lenzi ilikuwa imekwenda zake kukodisha hema.

Aliyewafarakanisha ni fundi, ambaye simtaji jina wala mtaa. Nilimpelekea kamera asafishe vumbi tu. Yeye akafungua kifuniko kidogo cha mbele, akaikuta parafujo iwekayo kikomo cha mbali, akaizungusha hadi taswira zikakutana juu ya bango la duka la ng'ambo ya barabara, umbali wa mita 12 hivi, akanirudishia akisema, "Iko sawa kabisa, mzee." Parafujo hiyo hurekebishwa kwa kutazama kitu kilicho mbali mno, kilomita moja na zaidi. Pembe hupungua kadiri masafa yazidivyo: ya mita 3 ni thuluthi ya ile ya mita 1, ya mita 4 ni robo yake; kwa hiyo aliyefanya mita 12 kuwa mwisho wa dunia ameiba sehemu moja ya kumi na mbili ya pembe hiyo katika kila kipimo. Na thuluthi ukiiondolea sehemu ya kumi na mbili, hubaki robo: mtu aliyesimama mita 3 huhesabiwa kuwa yuko mita 4, na pale mita 4 palikuwapo pazia. Hesabu hii ni nzuri hata ghadhabu yangu hupoa kidogo kila niifanyapo, kisha hukumbuka kwamba fundi alilipwa siku ile ile, na salio langu la harusi limezuiliwa mpaka sasa.

Basi, ili niirekebishe mwenyewe, nikapanda hadi ukingo wa kreta ya Menengai, penye kimo cha mita 2,278, nikiwa na bisibisi ya saa na kipande cha karatasi ya kunakilia ramani. Kutoka huko mji wote wa Nakuru uko chini yako, na ziwa nyuma yake. Lakini ziwa halifai, kwa kuwa taswira husogea ubavuni na hutaka mstari uliosimama wima. Heroe nao, ambao miguu yao ingalikuwa mistari hiyo, tangu maji yalipofurika hata yakalimeza lango kuu la hifadhi, wengi wamehamia Bogoria na kwingineko. Nikachagua mnara wa simu upande wa Mau. Nikaubandua mgongo wa kamera, nikaitandaza karatasi pale panapopita filamu, nikaiacha lenzi wazi, na juu ya karatasi ile mnara ukatokea, mdogo, mkali, miguu juu. Ukirekebisha kikomo cha mbali, cha mita 1 huharibika. Ukikirekebisha hicho, cha mbali hukasirika. Watu wenye mashamba walikuja kuniuliza nimetumwa na nani kupima ardhi.

Parafujo ya kifuniko ikaangukia majanini, ipo huko.

Filamu niliyoitia baadaye kujaribu ikakatika.

Msomaji uliye na kamera ya namna hii, fundi akishika bisibisi kabla hajakuomba mtoke nje mkatafute kilima, mpokonye kamera yako, na usimlipe.