Mamamkwe na Raba za Fundi

Mamamkwe alishuka kwenye bodaboda yangu kwa mgongo. Sisemi alianguka, kwa sababu mkwe haanguki. Ilikuwa leo asubuhi, kwenye kile kilima cha mchanga ukitoka kivukoni Takaungu. Tairi la nyuma lilidunda, likachimba, likazama hadi kwenye ekseli, na vijana wa mitumbwi waliokuwa wakingoja abiria wa ng'ambo wakaacha hata siasa ili watazame vizuri. Ningemdaka, lakini nani amewahi kumkumbatia mamamkwe hadharani? Nikashika usukani. Yeye akakaa pale chini, buibui limejaa upepo kama tanga, akaniuliza kwa ule upole unaochoma:

"Mwanangu, chombo hiki hupandwa, au husukumwa?"

Nikaona ni lazima nimweleze. Hapo ndipo nilipozidi kuharibu.

Tairi la nyuma hushika ardhi kwa kadiri linavyokandamizwa. Ukivuta gesi, uzito unarudi nyuma, na hilo ndilo ulitakalo. Wengi, fundi wangu akiwamo, hudhani springi ndizo zinazourudisha. Sizo! Uzito unaohama hutegemea kasi unavyoiongeza, kimo cha mzigo kutoka ardhini, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ndiyo maana kule Marekani wanaoshindanisha pikipiki za magurudumu manne mchangani, mbio za futi 300 tu, yaani kama mita 91, hurefusha ule mkono unaobeba ekseli ya nyuma na kukishusha chombo chini, pua isije ikainuka. Springi zina kazi nyingine, na hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kwa utamu wake: zinalifuatisha tairi na ardhi, lishuke penye shimo na lipande penye tuta, lisiachane nayo hata kidogo. Tairi lililo hewani halisukumi chochote. Springi zikiwa ngumu kupita mzigo uliopo, tairi linaruka, linazunguka bure, na likitua linachimba kaburi lake.

Nilipofika kwenye kimo cha mzigo, mamamkwe aliuliza kama mzigo ni yeye.

Sasa nirudi kwa fundi, ambaye simtaji. Nilimwomba jambo moja la bei rahisi: pikipiki ishike mchanga. Dawa yake haina gharama. Unalegeza kola za springi ngazi moja au mbili, mkia ukae chini kidogo, tairi lipate nafasi ya kushuka shimoni. Halafu unapunguza upepo wa nyuma, tairi lilale na kuacha unyayo mrefu, lipite juu ya mchanga badala ya kuukata. Usipunguze mno tu, maana tairi litateleza kwenye rimu, livute tyubu na kung'oa valvu. Na ukirudi kwenye lami unajaza tena. Basi.

Yeye akakata tairi kuukuu, akapachika vipande vya raba katikati ya mizunguko ya springi, akajaza upepo hadi pampu ikamshinda, akapiga kiti kofi. "Sasa hii ni jiwe, bro." Haki yake nimpe: kwa anayebeba simiti, raba huzuia springi zisigonge chini. Mimi nabeba wakwe.

Lakini fundi nitamsamehe kabla sijaisamehe njia yenyewe. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli nchini Kenya inabeba shilingi 25 za kutunza barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Sisi wa bodaboda hatuna pa kukwepea, tunalipa pale pale kwenye pampu kabla injini haijawaka. Sasa fikiria nimekwama: gesi imefunguliwa yote, tairi linazunguka, petroli inaungua, sisogei hata shubiri. Maana yake nailipia barabara kwa bidii zaidi pale ambapo barabara haipo. Hesabu hii niliwahi kuitoa stendi nikidhani ni kichekesho. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitema mate tu, akauliza nani ana zamu.

Baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui walihamia hapa Takaungu baada ya Sultani Sayyid Said kuwang'oa Mombasa mwaka 1837, wakajenga mji kando ya maji na kutegemea vyombo vya bahari. Walijua walifanyalo.

Safari ya asubuhi iliendelea hivyo hivyo: trei ya mayai tuliyobeba iliishia kuwa kimanda kwenye mashamba ya mkonge. Mbuzi wa akika tuliyempakia aliruka mwenyewe, akafika kabla yangu.

Jioni hii fundi amenipigia simu. Anadai salio la raba.