Jinsi ya Kula Kopo Lililopita Tarehe na Kesho Ukaamka

Watu wa makopo ni wa aina mbili, na leo nawasema wote. Wa kwanza akigundua maharage yake yameisha muda wake juzi, anayashika kwa ncha za vidole mpaka jalalani. Wa pili akikuta kopo limevimba pande zote mbili, anasema ni gesi tu, analitoboa, linamrukia usoni, kisha anachovya kidole aonje. Mwongozo huu ni wenu nyote, ila huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi.

Wewe wa kwanza, njoo ukae hapa. Kopo la maharage halina kalenda. Kiwandani lilijazwa, likafungwa, likapikwa kwa mvuke wenye shinikizo kwenye joto la nyuzi 121 hivi, ili vijidudu vya hatari vife pamoja na mbegu zao. Tangu hapo, maadamu halikupata upenyo, hakuna kilichoingia. Tarehe unayoiogopa mara nyingi ni ahadi ya kiwanda kuhusu ladha, rangi na ulaini. Ikipita, maharage yanaweza kuwa laini kupita kiasi na samaki akapoteza utamu, na hilo ni la kulalamikia mezani, si la kuitia gari la wagonjwa.

Ushahidi upo, tena wa chini ya mto. Meli ya mvuke iitwayo Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani, mwaka 1865, ikiwa na shehena ya vyakula vya makopo. Ilipatikana mwaka 1968, na mwaka 1974 wakemia wakafungua baadhi ya makopo hayo: pichi, chaza, nyanya. Harufu na sura vilikuwa vimeharibika, vitamini C na A zimepungua sana, lakini hawakukuta vijidudu vinavyoota. Baada ya miaka 109, wakasema chakula kile kingelika salama. Na wewe unakimbia kopo la mwezi jana!

Kwa nyama, samaki na maharage, hesabu miaka 2 hadi 5 ya ubora tangu yatengenezwe. Nyanya na nanasi zina asidi inayolila bati kutoka ndani, kwa hiyo miezi 18 ndiyo kikomo chake cha kufaidi. Hesabu hizo zinategemea kabati kavu lenye ubaridi kidogo. Ukipanga makopo kwenye rafu juu ya jiko la mkaa, unayapika kila siku. Na anayekaa Pwani anajua hewa ya chumvi inavyolifanya bati: futa vumbi, geuza kopo, tazama kitako. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga hayamo katika msamaha huu. Yakipita tarehe yatupwe, kwa sababu mtoto anategemea kila kirutubisho kilichoandikwa pale. Na muuzaji hana ruhusa ya kukuuzia kilichoisha muda, hata kwa nusu bei. Msamaha ni wa kopo uliloling'ang'ania mwenyewe nyumbani.

Sasa wewe mwonjaji. Weka kopo mezani, kwenye mwanga. Bonyeza kifuniko katikati kwa kidole gumba, kisha kitako. Kinatakiwa kitulie. Kikibonyea na kurudi kwa mlio wa "tik", au upande mmoja ukiingia na mwingine ukatokeza, habari imekwisha, hata kama tarehe yake ni ya mwakani. Pitisha kidole kwenye mshono wa juu, wa chini na wa ubavuni. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyolila bati haikubaliki. Kopo lililobonyea kidogo ubavuni lipike. Lenye shimo ambalo kidole kinalala ndani yake, au lililokunjika kwenye mshono, litupe. Linalovuja sihitaji hata kulitaja.

Ukilifungua likatoa povu au kuruka, usionje. Usinuse kwa karibu. Ulimi wako si maabara. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupenda mahali pasipo hewa wala asidi, mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, na sumu yake huweza kuwa chakulani bila harufu, bila rangi, bila ladha. Kiasi kidogo mno kinatosha kuua. Hii tabia yetu ya "hebu onja kidogo kwanza", tena wakati mwingine anaitwa mtoto aonje, ndiyo ninayoomba ife leo. Usimpe mbwa, usiwamwagie kuku. Lifunge vizuri kwenye mfuko, litupe mbali na watoto, futa palipomwagikia kwa jiki iliyochanganywa na maji, unawe mikono kwa sabuni.

Kopo likifaulu yote hayo, pika ule. Mabaki yahamishie kwenye chombo chenye kifuniko, uyatie kwenye friji: samaki, nyama na maharage siku 3 au 4, vya asidi siku 5 hadi 7. Huna friji, limalizeni siku hiyohiyo, ndiyo maana kuna majirani.

Na kama uliniletea ubishi ukala la kuvimba, sikiliza. Ukianza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito, kumeza kukawa taabu, usisubiri asubuhi wala usitafute maziwa ya kuzimua sumu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, mwambie daktari ulikula nini na lini. Dawa ya kupambana na sumu hiyo ipo, lakini huizuia tu isiendelee. Haiondoi kupooza kulikokwisha kutokea.