Sifa za Msasa

Msasa ni karatasi yenye meno. Jina lake lilikuwa kwanza la mti, jamaa ya mkuyu, ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka na yalitumika kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Lugha imeupa heshima kubwa. Viongozi hupigwa msasa, walimu hupigwa msasa, kamati nzima hukaa semina siku tatu ikipigwa msasa, na wote hurudi na posho. Msasa wenyewe, kazi ikiisha, hutupwa.

Ukuu wake huonekana vizuri kwenye tangi la pikipiki. Huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, fedha ya pamba ina njia nyingi za kuondoka, na mojawapo ina magurudumu mawili. Asiyetaka Boxer yake ifanane na nyingine zote za kijiweni hulipeleka tangi kwa fundi rangi. Hupigwa puti, praima, rangi, na mwisho kilia, ile rangi angavu ya juu iliyochanganywa na hadena. Kilia ikikauka hung'aa, na mwenye mali hutoa simu apige picha. Akiinama na kutazama kwa upande, huona taa ya juu imejikunja: uso una vijishimo kama ganda la chungwa, punje ya vumbi huku, mbu kule. Hapo ndipo msasa huitwa.

Fadhila yake ya kwanza ni ujasiri wa kuharibu. Kipande cha namba 1500, kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni na kuzungushwa kwenye soli ya ndala, hukata vilima mpaka vilingane na mabonde. Tangi lililokuwa kioo hugeuka jeupe, kana kwamba limepakwa chaki za Maswa. Ni heri mteja asifike saa hiyo. Hufuata namba 2000, kisha 3000, kila moja ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Kinyume na vyeo vya binadamu, namba ikipanda ukali hushuka. Hata kompaundi ya mwisho, inayosuguliwa kwa sponji, ni msasa tu uliosagwa ukawa uji. Kung'aa, basi, si kukosa mikwaruzo. Ni kuwa na mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa jicho.

Maji nayo yana sehemu yake katika sifa hizi. Msasa wa maji ulianza kuuzwa na kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1921. Kabla yake vumbi la rangi lilikwenda moja kwa moja kifuani mwa fundi.

Fadhila ya pili ni kufundisha kiasi. Kilia yote ina unene wa takribani milimita 0.05, kama nusu ya karatasi ya daftari, na kwenye kingo huwa nyembamba zaidi. Fundi mwangalifu hubandika selotepu ukingoni. Asiyebandika huona povu jeupe likigeuka jekundu, na kwa tangi jekundu hiyo ni habari ya msiba: kilia imekwisha, sasa inaliwa rangi.

Lakini msasa bora kuliko wote hauuzwi. Ni vumbi. Udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni umetokana na miamba ya matale, na punje zake ngumu huishinda kilia kwa mbali. Pikipiki ikiacha lami kwenda vijijini hurudi imepakwa msasa huo bure. Kijiweni, abiria wakiwa hakuna, dereva hulifuta tangi kwa kitambaa kikavu, kwa mapenzi, akizungusha mkono, bila maji wala namba. Baada ya miezi michache jua la saa nane huonyesha utando wa buibui tangi zima. Fundi huloweka tena namba 2000, na kabla ya kuanza hupiga hesabu ya kilichobaki katika ile 0.05.