Heko kwa Fomu

Simba ametungiwa nyimbo, bahari imetungiwa nyimbo, hata kikombe cha kahawa kina washairi wake. Fomu haina mtu. Nami niliyekaa nayo meza moja hapa Columbus, Ohio, Jumamosi baada ya Jumamosi, naona haya kuendelea kunyamaza. Nasema hasa ile ya kuhuisha Medicaid, bima ya afya ambayo serikali ya Marekani huwapa wenye kipato kidogo: kurasa kumi na nne, wino mweusi tu, usiikunje, usiibane kwa pini.

Sifa ndogondogo nitazipita mbio. Fomu inanyoosha mwandiko. Inakuza subira, maana ukitaka kuuliza swali utachezewa kinanda kwenye simu mpaka chai ipoe, ipashwe, ipoe tena. Inajenga ujirani: bila yake nisingemjua yule mama wa Uvira anayekaa ghorofa ya chini, ambaye hunigongea na bahasha mkononi, "Dada, hii barua inasema nini tena?" Tena ina unyenyekevu. Katikati yake umo ukurasa unaotamka wenyewe kwamba umeachwa wazi kwa makusudi. Ni hotuba ngapi za kampeni zingekiri hivyo?

Lakini sifa yake kuu ni utabibu. Matabibu wengine huhangaika na ugonjwa. Fomu hushughulika na orodha ya wagonjwa. Haipimi mkojo, haichomi sindano, haimuulizi mtu amelalaje. Inatazama kisanduku kisichotiwa alama, na papo hapo mgonjwa hayupo. Hajapona, hajafa, hayupo tu. Daktari gani bingwa anaweza hilo, tena bila kunawa mikono?

Msidhani ni maneno ya mpenzi aliyepofuka. Dawa hii imejaribiwa. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas, chini ya Gavana Asa Hutchinson wa Republican, liliwataka watu wazima kadhaa waliokuwa kwenye Medicaid wathibitishe kila mwezi kwamba wamefanya kazi saa 80. Mwanzoni taarifa zilipokelewa kwa intaneti pekee, na ukurasa wenyewe ulifungwa kila siku kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi, kwa kuwa hata kompyuta ya serikali ina haki ya kulala. Anayetoka zamu ya usiku na kukaa kujaza fomu saa kumi alfajiri angejifunza kuheshimu usingizi wa wenzake. Kwa miezi michache tu, watu zaidi ya 18,000 walitoweka kwenye orodha. Hakuna kliniki iliyowahi kupata mafanikio ya namna hiyo. Jaji mmoja wa shirikisho, asiyejua tiba, akausimamisha mpango huo Machi 2019. Nao watafiti wakatia chumvi kwenye kidonda: ajira haikuongezeka, na karibu wote waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi au walistahili kusamehewa.

Hapa Ohio, Fomu ilimtibu jirani yangu mwaka 2023. Ilikuwa imekosa saini ukurasa wa tisa. Saini moja! Mama wa miaka hamsini na sita, anayesafisha ofisi za watu usiku na kufunga mizigo ghalani siku tatu kwa wiki, anasimama kwenye dirisha la duka la dawa na kuambiwa bima yake imefungwa, vidonge vya presha ni kwa fedha taslimu, na foleni nyuma yake inakohoa. Nilikaa kwenye simu saa mbili na dakika arobaini. Sauti ya upole ikanieleza kwamba kila kitu kiko sawa isipokuwa saini, na fomu nyingine itatumwa. Kwa posta. Barua yao ya tarehe mbili ilitufikia tarehe kumi na tisa, ikitaka ijibiwe ndani ya siku kumi tangu ilipoandikwa. Nani aliyeketi mahali akaona hilo ni jambo la akili?

Naomba radhi. Nilikuwa nasifu.

Hakutibiwa peke yake. Ulinzi wa kipindi cha korona, uliozuia watu kuachishwa bima hiyo, ulipoondolewa mwaka huo, zaidi ya watu milioni 25 nchini waliachishwa Medicaid, na takriban saba katika kila kumi waliachishwa kwa mambo ya taratibu, yaani karatasi, bila yeyote kuthibitisha kwamba hawastahili.

Sasa mtaelewa kwa nini wagombea wa kihafidhina wameiacha silaha yao ya zamani, mkasi. Mkasi unaonekana mkononi. Mwaka 2017 waliushika hadharani wakitaka kuifuta sheria ya afya ya Obama, na usiku wa kuamkia Julai 28 John McCain, mwenzao wa chama, akashusha kidole gumba mbele ya Seneti nzima, shughuli ikaishia hapo. Fomu haina mkono. Sheria aliyoitia saini Rais Trump Julai 4, 2025 imeirudisha dawa ya Arkansas karibu nchi nzima: ifikapo Januari 1, 2027, watu wengi wenye miaka 19 hadi 64 walioingia Medicaid kwa njia ya sheria ya Obama watatakiwa kuthibitisha saa 80 kwa mwezi, na kuhuisha bima kila miezi sita badala ya mwaka. Jukwaani mgombea anasema hapunguzi matibabu ya mtu, anataka tu watu wawajibike. Makofi.

Lakini ofisi ya bajeti ya Bunge lao wenyewe ilikadiria kwamba sharti hilo la saa litaokoa zaidi ya dola bilioni 300 kwa miaka kumi. Zitatoka wapi? Wote wakifanya kazi, na wote wakijaza sawasawa, haiokolewi hata senti. Bajeti imepangwa kwa kutegemea kwamba watu watashindwa. Saini iliyosahaulika ukurasa wa tisa imeshaandikwa kwenye vitabu vya hesabu kama mapato, kabla mtu hajaisahau.

Spika Mike Johnson alipoitetea sheria hiyo alizungumzia vijana wa kiume wanaoshinda kwenye makochi wakicheza michezo ya video. Nikaliinua kochi la jirani yangu nihakikishe. Nilikuta ndala moja na risiti ya dawa. Seneta Josh Hawley wa Missouri aliandika gazetini Mei 2025 kwamba kuikata Medicaid ni kosa la kimaadili; Julai alipiga kura ya ndiyo, na muswada ukapita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50. Mwenzao John Kasich, haki yake apewe, alipokuwa gavana wetu aliipanua Medicaid Ohio huku chama chake kikinuna, akisema siku ukifika mlangoni Mtakatifu Petro hatakuuliza ulipunguzaje serikali, atakuuliza uliwafanyia nini maskini. Hiyo ilikuwa 2013. Petro wa siku hizi, nahofia, atakuwa na bahasha.

Jumamosi iliyopita mlango uligongwa. Mama wa Uvira, kalamu nyeusi mkononi, sahani ya maandazi mkono wa pili. Alikuwa ameshaijaza mwenyewe, alitaka niikague tu. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa tisa: saini ipo, nzito, imepitiwa mara mbili. Nikafunua mbele. Kwenye ukurasa ulioachwa wazi kwa makusudi, katikati kabisa, kulikuwa na saini nyingine.

"Hapo nimeweka pia, dada," akasema. "Labda wataitaka."