Sifa za Mtu wa Mbona

Washairi wa mwambao hawakubakiza kitu. Wamesifu majahazi, wamesifu minazi, wamesifu wanawake mpaka nyusi, na tambuu nayo ikapata wa kuisifu. Lakini sijakutana na ubeti hata mmoja wa kumsifu yule bwana anayekaa benchi la tatu kwenye kibanda umiza cha video, ambaye mkono wa maiti ukiwa ndio kwanza unachomoza kaburini, watu wamebana pumzi, yeye anauliza kwa sauti ya kupigia debe: "Mbona kucha safi?"

Wengine humwita mbishi, wengine mjuaji, na mwenye kibanda ana majina mengine ambayo hayaandikiki. Mimi namwita Mtu wa Mbona, na leo namvisha koja.

Yupo nchi nzima, sikatai, lakini aliyeiva hasa utampata mkoa wa Pwani, na huko Pwani nenda Kibaha au Kisarawe. Dar es Salaam watu wanatazama picha huku wanachungulia simu, uongo unawapita hivi hivi. Mtu wa Kibaha ametoka kazini, wa Kisarawe ametoka kwenye mihogo yake, kila mmoja amelipa kiingilio kwa hela ya jasho na hana pengine pa kwenda hadi usingizi umchukue. Huyo ukimletea uongo ataukagua.

Chukua jioni moja ya Maili Moja, Kibaha. Kibanda ni cha mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba, benchi hazina egemeo. Picha ni ya Kimarekani, nyumba ina pepo. Mama kasikia kishindo chumba cha nyuma. Anakwenda peku, gizani, kashika mshumaa.

"Mbona hawashi taa?"

"Umeme umekatika," anajibu kijana wa mbele, anayetaka picha iende.

"Mbona friji inaunguruma?"

Kibanda kizima kinatega sikio. Na kweli, chini ya ule muziki wa kutisha, friji inaunguruma.

"Itakuwa friji ya mafuta ya taa," anajaribu mwingine.

Hapo mzee mmoja wa ukutani, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, anakohoa. "Ya mafuta ya taa haiungurumi, wanangu. Haina mota. Tulikuwa nayo zahanati, ya kuwekea chanjo. Unalala ubavuni mwake usijue kama ipo."

"Shikamoo mzee. Basi wana jenereta."

"Marahaba. Jenereta wanalo, na taa hawawashi?"

Wakati shauri hilo linasikilizwa, mama wa watu amekwishanyongwa. Mwongozaji alileta damu ya bandia, vinanda, na mtaalamu wa kupaka majeraha. Maili Moja mama yule amekufa bila hata shahidi mmoja. Mnaosema Mtu wa Mbona anaharibu picha, niambieni: ni sinema gani nyingine iliyowahi kumfundisha kijana wa bodaboda kuhusu friji isiyo na mota?

Tuje kwenye nasaba yake, kwani huwezi kumsifu mtu ukaacha ukoo. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo watu wengi wa Bara waliijulia filamu ya nyumbani kwenye deki ya video ya jirani au kwenye kibanda, wamebanana, bega kwa bega. Filamu ilikuwa jambo la halaiki kabla haijawa jambo la mtu na rimoti yake, na penye halaiki hakukosi baraza. Wakaja watafsiri, wakiongozwa na Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Mukandala, wakaanza kuisimulia picha ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Mtafsiri ni fundi wa viraka. Akiona tundu kwenye hadithi analiziba palepale. Mtu aliyekufa mwanzoni akionekana tena anakunywa chai, mtafsiri hababaiki: huyu ni pacha wake. Na kibanda kingemeza, kama si benchi la tatu: "Mbona pacha naye ana bandeji ileile?"

Ukoo wake unakwenda mbali kuliko deki. Tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, ina saa inayogonga katikati ya njama za mauaji, na Roma ile haikuwa na saa za kugonga. Zilikuja Ulaya zaidi ya miaka elfu moja baada ya Kaizari kuoza. Wasomi wamelisema hilo weee. Lakini Mtu wa Mbona angeiacha saa, maana saa ni kosa la fundi tu, akakimbilia mzuka. Mzuka wa Kaizari unamtokea Bruto hemani usiku. Mbona Bruto peke yake? Kasio ndiye aliyeanzisha fitina, kisu alikuwa nacho, na kambi ni hiyohiyo moja. Maiti gani wa ukoo anayewajua wauaji wake wote akaamua kumtembelea yule aliyekuwa na huruma kidogo? Jibu hilo silioni, nami nakiheshimu sana kitabu kile.

Msomaji asidhani kwamba watu hawa hawaamini mambo ya gizani. Wangekuwa hawaamini, wangenyamaza. Asiyeamini hana sababu ya kubishana. Wanaamini sana, na ndiyo maana hawataki kuchezewa. Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, nchi ya ngoma za mashetani na waganga wenye majina, na kila familia ina shangazi mwenye habari kamili. Ukileta jini kwenye runinga ya huko, umeleta mgonjwa mbele ya jopo la madaktari. Jini la baharini linafanya nini milimani Pugu? Pepo amepandishwa bila kutajwa jina lake, na kuulizwa anataka nini hakuulizwa, hiyo ni tiba au ugomvi? Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, ile filamu ya Kibongo yenye mzuka wa Kinyakyusa, watu waliogopa kama walivyotakiwa. Lakini nina hakika kwamba mahali fulani kati ya Msanga na Maneromango yupo aliyeuliza mzuka huo wa Mbeya huku umefikia kwa nani.

Dracula ndiye aliyekoma. Bram Stoker alimtoa mwaka 1897, na tangu hapo dunia inakubali kwamba mnyonya damu huyo anageuka popo na anakimbia kitunguu saumu. Kisarawe popo si habari. Mapango ya Pugu yamejaa popo, wanatoka jioni kwa makundi, na mpaka sasa hakuna mwanafunzi aliyerudi kutoka kuyatembelea akiwa na meno marefu. Kuhusu kitunguu saumu, hoja yao ni fupi: mtu wa aina hiyo angefika pwani hii mwezi wa Ramadhani, angesalimika salimika hivyo hivyo, na Idi mosi pilau lingemmaliza kabla ya adhuhuri.

Nikifika hapa huwa naacha utani kidogo, kwa sababu hoja yao kubwa kuliko zote ina ushahidi. Filamu za kutisha za kigeni zina desturi moja: hatari ikija, watu wanatawanyika. Mmoja juu darini, mmoja bandani, mmoja eti anaoga. Mwaka 1995 yule pepo Popobawa alipoitia hofu Pemba, kisha Unguja, watu halisi wenye hofu halisi walifanya nini? Walitoka nje. Walilala uani na barazani kwa makundi, familia kwa familia, moto ukiwaka, wakikesha pamoja. Hakuna aliyesema "tugawanyike". Basi Mtu wa Mbona akipiga kelele "Mbona anakwenda peke yake?" usimwone mkorofi. Anakumbuka binadamu wanavyoogopa, na mwandishi wa Hollywood amesahau.

Kibaha wana shule nyingine ya ubishi. Huu ni mji wa ofisi, makao makuu ya mkoa, na hata Shirika lake la Elimu lilitokana na mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963. Mtu aliyekulia penye mafaili haulizi jini ni la kabila gani, anauliza utaratibu. Maiti watatu nyumba moja, mbona mwenyekiti wa mtaa hajaitwa? Steringi kaendesha gari usiku kucha, mafuta kajaza wapi, na trafiki je? Ilipofika A Quiet Place ya mwaka 2018, yale madude yanayoua kila anayetoa sauti, dunia nzima ilisifu ubunifu wake. Lakini mle ndani baba anampeleka mwanawe kwenye maporomoko ya maji, na pale wanapiga kelele watakavyo kwa sababu maji yanafunika sauti. Kisha wanarudi nyumbani kunong'ona! Mtu wa Kibaha haelewi. Kiwanja kipo, maji yapo, usalama upo. Si wangejenga pale?

Na ole wako ukiwaletea mto watu wa Mlandizi, wanaoishi na Ruvu. Anaconda ya mwaka 1997 ilipendwa Afrika Mashariki nzima, lakini ina sehemu moja ambapo mashua inaondoka na nyuma yake maporomoko ya maji yanapanda juu. Walipiga picha mashua ikija, wakairudisha nyuma ionekane inakwenda. Mbali na hayo, joka lenyewe linapiga mayowe. Chatu gani anayelia? Mlandizi wanajua chatu akila mbuzi hatoi hata pole.

Waliosoma miongoni mwao wamempata mtetezi, Aristotle, Mgiriki wa kale aliyeandika kwamba mtunzi ni heri alete lisilowezekana lakini likasadikika, kuliko linalowezekana lakini halisadikiki. Profesa akilisema hilo analipwa posho. Benchi la tatu wanalisema bure, tena kwa ufupi zaidi: jini sawa, friji hapana.

Faida nyingine za Mtu wa Mbona nitazitaja mbiombio. Mwenye kibanda analalamika, lakini keshokutwa akirudia picha ileile wanakuja walewale kuhakikisha kama friji kweli inaunguruma, na wanalipa upya. Watoto wanaojipenyeza chini ya turubai wanalala usingizi mnono, kwa kuwa pepo aliyekwishaulizwa maswali kumi akashindwa hata moja hawezi tena kumkojolesha mtu kitandani. Na wake zao wanasema, mimi nasikia tu, kwamba mwanamume aliyemaliza ubishi wake kibandani hurudi nyumbani mpole.

Kuna wanaomsema kuwa mnafiki. Wanadai kwamba Mtu wa Mbona wa Kisarawe, baada ya kuyavua nguo majini yote ya Amerika, picha ikiisha saa tano usiku haondoki. Anasimama mlangoni, anatazama kile kinjia kinachopita kwenye mikorosho na kando ya makaburi, kisha anaomba asindikizwe. Naomba tumtendee haki. Angeondoka peke yake ndipo angekuwa mnafiki! Usiku mzima ameshikilia kwamba mwenye akili hapiti penye giza bila mwenzake, sasa anatekeleza. Anawaambia wazi, "Mimi siogopi kitu, lakini siwezi kufanya ujinga niliowacheka nao wale."

Basi anapatikana wa kumsindikiza, kijana wa mbele, yuleyule wa umeme umekatika. Wanapiga hatua tatu. Kijana anasimama.

"Kaka, nikishakufikisha, mimi narudi na nani?"

Hilo hawakulitarajia. Anatafutwa wa tatu ili arudi na kijana. Wa tatu yuko tayari, ila nyumba yake iko njia ya huku, si ya kule. Wakirudi wawili, mmoja ataingia kwake na kijana atabaki palepale alipokuwa. Anaongezwa wa nne. Mzee wa zahanati anachora ramani mchangani kwa fimbo, anahesabu vichwa na nyumba, anafuta, anaanza tena. Mwenye kibanda amekwishafunga kufuli, naye ameulizwa mbona anakwenda peke yake, kwa hiyo na yeye amekaa chini, anangoja apangiwe.